Sale Nililolikataa Tarakea

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko salamu zinafika, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Jana nilikuwa stendi ya Moshi, nikaona basi la Rombo linapakia. Nyuma ya dereva alikaa mtu mwenye shanta mgongoni, hataki kulivua. Nilijua si wewe. Hata hivyo nilizunguka mpaka mbele, nikamtazama usoni, naye akaniuliza kama tunafahamiana. Nikaona aibu, nikaondoka.

Wewe na shanta lako! Ulipewa na wazungu uliowabebea mizigo mlimani, ukawa huliachi hata unapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Ulimwambia mama tunakwenda Mwika kumjulia hali shangazi, siku mbili tu. Tulipopita Mwika bila kushuka, ukanikonyeza. Nilicheka, sikatai. Basi lilikwama kwenye matope kila korongo, abiria tukashuka kusukuma, nawe ukisukuma huku unaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya mlevi. Ulisema tutauzunguka mlima wote, tuuone na mgongo wake.

Siku ya tatu tukafika Tarakea. Nyumbani tulikuwa tumemwacha baba mgonjwa kitandani, nami roho ikaanza kunisuta. Nikakuambia turudi. Ukajibu kwamba baba hawezi kufa kwa siku mbili. Neno hilo lilinichoma, nikakuita mwongo mbele ya abiria wote, mimi mdogo wako.

Ukaenda kwenye ua wa kihamba cha watu, shamba lao la migomba, ukachuma jani la sale, ukaninyooshea kwa mikono miwili. Mkubwa anamwomba mdogo radhi! Kwetu mtu akikuletea sale unasamehe, hata kama amekuulia ng'ombe.

“Mdogo wangu, nimekosa. Pokea.”

Nikakupa mgongo, nikapanda basi la kurudi. Kilikuwa kiburi tu, kaka. Nilidhani utapanda nyuma yangu. Basi likaondoka, nami nikakuona kwenye kioo cha nyuma umesimama vilevile, mikono mbele.

Basi la kesho yake halikukuleta, wala la wiki iliyofuata. Watu wa Rombo na askari wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, waliingia msituni kukutafuta, hawakuona hata kamba ya shanta. Baba akapona, wewe ukapotea.

Miaka yote hii nimemwambia mama kwamba tuliagana vizuri. Kila mara hujibu kuwa hilo ndilo linalompa usingizi. Mimi sina usingizi. Nikipanda basi lolote nakaa mbele kabisa, nisione kilichobaki nyuma.

Jana nilipotoka stendi nilipandisha moja kwa moja mpaka Kirua Vunjo. Nilimkuta mama anamenya ndizi, nikamweleza yote. Aliweka kisu chini. Aliniuliza kama sale ulilishika kwa mikono miwili, nikasema ndiyo. Nikapiga magoti, nikamwomba anisamehe. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

“Mwanangu, mimi siwezi kukusamehe,” alisema. “Si mimi uliyenikatalia.”

Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Popote ulipolala, lala salama kaka, na ukiweza, nijibu.

Mdogo wako,
aliyepanda basi