Mlango Unaotaka Hodi

Chumbageni, Tanga

Kaka Miraji,

Salaam nyingi. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Sisi tupo, ila mimi situlii. Ule mchezo wetu wa mtandaoni umefunguliwa, watu wanaingia kutoka kila pembe, na kila siku kuna kitu kinagoma. Juzi mbuzi wote wa kijiji cha Tongoni mle mchezoni walikuwa wakitembea juu ya bahari! Edgar, mwenzangu anayechora, amenuna kwa sababu nimekataa milango ifunguke kabla mchezaji hajapiga hodi. Eti wachezaji hawana subira. Nikamwambia nyumba ya mtu haiingiwi kama choo cha stendi.

Kwenye nyumba ya kwanza, sauti inayojibu "karibu, mwanangu" ni ya Mama. Nilimrekodi kabla hajaanza kuumwa.

Sasa kuna mchezaji anajiita Kinda, jina ambalo marehemu Baba alikuwa akikuita wewe peke yako. Kila jioni anapiga hodi pale, Mama anamkaribisha, naye haingii. Anapiga tena, anasikiliza, anaondoka.

Kaka, Mama hanyanyuki tena kitandani. Nimemwambia kuna mtu anapiga hodi. Tangu hapo hataki mlango wetu ufungwe, hata mvua ikinyesha ndani.

Mdogo wako,
Sabiha