Dungu Tulilolikuta Makumbusho

Mama yangu, shikamoo.

Huku Dar hatujambo, ila mvua na jua vinapokezana. Jumamosi niliwapeleka watoto makumbusho wakaone nyumba za kikwetu na za wenzetu. Mara tukakuta dungu la kulindia mpunga, na ngazi yake ya miti ya mkoko, vilevile kama la marehemu baba huko Salale. Zuhura akaniponyoka, akasimama chini yake kama ulivyozoea kumtuma, akaita: "Babu, shuka, wali umeiva!"

Watu wakacheka. Mlinzi wa pale, mzee wa makamo, akaniangalia usoni kisha akamwambia taratibu, "Babu hayupo humu, mjukuu wangu."

Zuhura akajibu, "Sasa ndege si watamaliza mpunga?"

Mama, ulisema ukishavuna utalibomoa dungu la baba upate kuni. Nakuomba uliache. Tukija likizo msimu ujao nitapanda na Zuhura tufukuze ndege sisi, na wewe ndiye utatuita tushuke tule.

Mungu akuzidishie subira. Wajukuu zako wanakubusu mikono.

Mwanao, Mwajuma