Ukurasa wa Mwisho wa Bwana Ubani

Jibondo, Jumanne

Kaka Ukasha, shikamoo.

Huku mvua imejaza tangi, na mashua ya shemeji yako imeshatiwa kalafati, haivuji tena.

Unakikumbuka kile kitabu cha katuni cha marehemu baba, cha Bwana Ubani, yule wa koti jeusi aliyefukuza mashetani kwa nyota? Sasa anakisoma mwanangu Arafa, kitandani. Daktari ametuambia turudi naye nyumbani, tumpe kila anachotaka.

Kaka, nimefanya jambo. Makombe ya maalimu, yale ya aya za Kurani, ameshakunywa saba, hakuna nafuu. Basi nikaichora ile nyota ya Bwana Ubani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikaiosha kwa marashi, nikamnywesha. Maalimu akijua, sijui uso wangu nitauweka wapi.

Haikusaidia. Sasa Arafa hataki hata uji. Anauliza tu kama Bwana Ubani alimwahi yule binti mgonjwa wa kitabuni, maana ukurasa wa mwisho uliuchana wewe tulipogombana utotoni, ukaondoka nao. Nikamwambia alimwahi. Akasema, "Mama, wewe hukuuona."

Nakuomba uulete kwa boti ya Ijumaa. Usiupige picha kwa simu, anataka kuushika. Kama umepotea, au kama hakumwahi, chora mwingine. Wewe ulikuwa unajua kuchora. Uloweke kwenye chai uonekane wa zamani.

Mchore amefika, kaka. Na yule binti mchore ameketi, anakunywa uji.

Mdogo wako,
Husna