Aliyepigwa Huinua Mkono

Jumamosi, 5 Julai
Barakoa zimeoshwa, zimeanikwa. Mwezi wa saba hapa Naro Moru ukungu hautoki mapema, na kioo cha barakoa kikishika mvuke mtu haoni hata mdomo wa bunduki yake. Kwa hiyo nakata kiazi kibichi, nasugua kioo kwa ndani, nasuuza kidogo. Hakuna aliyenifundisha. Wateja huuliza dawa hiyo inatoka nchi gani. Nawaambia Kinangop, kunakolimwa viazi.

Leo walikuja walimu kucheza paintball, vita vya risasi za rangi. Kaka Barasa, refa wetu, akawapa masharti mikono ikiwa nyuma, kwa sauti ya marehemu baba kwenye gwaride la polisi. Barakoa haitoki usoni ukiwa uwanjani, hata pua ikiwasha, hata mama yako akikuita. Bunduki ikitoka uwanjani inavalishwa soksi mdomoni. Mtu aliye karibu sana humpigi, unamwambia ajisalimishe. Ukipigwa, inua mkono, nyamaza, toka kwa pembeni. Hakuna kubishana na rangi.

Walimu wakabishana na rangi.

Jambo moja. Wakati wa chai Barasa alipapasa meza kabla ya kushika kikombe. Kilikuwa mbele yake, kulia kidogo.

Jumapili, 6 Julai
Vijana wa kanisa kutoka Karatina. Pasta aliwapiga wote, kisha akaomba tufike nyumbani salama.

Barasa alijigonga goti kwenye rundo la matairi alilolipanga mwenyewe. Akasema ni ukungu. Jua lilikuwa linawaka.

Baba alianza hivyo hivyo. Kwanza vikombe. Halafu milango. Mwisho tukawa tunamshika mkono kwenda chooni. Presha ya macho, daktari alisema, na ni ugonjwa wa ukoo, watoto wapimwe. Mimi nilisema sina nafasi. Barasa alisema ana macho.

Jumatano, 9 Julai
Hakuna wateja. Tulisafisha bunduki.

Nilimjaribu. Ni ujanja mbaya lakini niliufanya. Nilisimama karibu naye, upande wa kulia, nikapunga soksi nyekundu. Akaendelea na habari za mahindi. Nikapunga tena. Akasema mahindi ya mwaka huu yana viwavi.

Nikashusha mkono. Nilitamani anitukane.

Kazi ya refa ni kuona pembeni. Mtu akivua barakoa, filimbi inalia, kila kitu kinasimama. Mengine ni kelele tu. Asipoona, kuna mtu atapoteza jicho. Nikisema, yeye atapoteza kazi, na ana watoto shuleni. Kabla ya hapa alikuwa akibeba mizigo ya wageni mlimani. Nako wanataka macho.

Sijasema.

Ijumaa, 11 Julai
Nilimwambia yeye mwenyewe, tukifunga geti. Twende Nyeri tukapimwe sote wawili. Akacheka.

“Wewe ndiye uko na shida, mdogo wangu. Unaangalia watu sana.”

Ni kweli. Naogopa.

Jumamosi, 12 Julai
Wauza mchele kutoka Wang'uru. Kelele nyingi, mbio kidogo. Ukungu mpaka adhuhuri.

Nilikuwa getini najaza mitungi ya hewa ya bunduki. Msichana mmoja alikuwa amejificha nyuma ya pipa, kulia kwa Barasa, karibu kiasi cha kumgusa. Akaiinua barakoa aipanguse. Barasa alikuwa ametazama mbele, filimbi mdomoni. Hakupuliza. Nikapiga mluzi kwa vidole. Risasi ilikuwa imeshatoka.

Ilimpata shavuni, chini kidogo ya jicho. Rangi ya manjano mpaka kwenye nywele. Tulimkimbiza zahanati. Jicho ni zima. Shavu limevimba kama andazi na yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Mimi sikucheka.

Jioni Mama Wangeci, mwenye uwanja, akatuita mbele ya banda.

“Ati huo upande ulikuwa wa nani?”

Nikasema kosa ni langu. Hiyo barakoa sikuisugua vizuri. Uongo. Niliisugua vizuri kabisa, na ukungu wa leo ungeshinda gunia zima la viazi.

Mama Wangeci alinitazama sana. “Kiazi? Sasa nikufute kazi juu ya kiazi?”

Ningefutwa, basi.

Hapo Barasa akainua mkono. Juu kabisa, kama anavyowaonyesha wateja. Hakusema neno. Akageuka akatoka kwa pembeni, mkono wa kulia ukifuata kamba ya uwanja, pole pole, mpaka getini. Hakubishana.

Mama Wangeci akauliza anaenda wapi. Nikamwambia amepigwa. Nilipomweleza habari ya macho yake, alikaa chini kwenye tairi akashika kichwa.

Jumanne, 15 Julai
Nyeri. Foleni ndefu ya watu wenye macho mekundu. Nimeyatazama yote.

Jicho la kulia la Barasa limekwisha. La kushoto linaona kama kwa bomba. Lililopotea halirudi. Ana dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yote.

Nami presha imeanza. Kidogo tu, daktari alisema, umewahi. Nimepewa matone yale yale.

Tukasimama nje na vichupa vyetu. Barasa akasema, “Sasa nani atamwangalia mwenzake?” Tulicheka. Kisha hatukucheka tena mpaka Naro Moru.

Jumamosi, 19 Julai
Filimbi ninayo mimi. Mama Wangeci alinitundikia shingoni. Barasa anasema hataki kazi ya kuonewa huruma. Yuko nyumbani.

Wateja walikuwa wahudumu wa hoteli. Nilitoa masharti. Barakoa, soksi, kujisalimisha. Nikafika la mwisho, nikaanza kupangusa filimbi. Mmoja akauliza, “Na ukipigwa, unafanya aje?”

Nikainua mkono. Nikaushikilia hapo muda. Wote wakainua yao, wakiniiga.

Jioni nilipitia kwa Barasa. Tulikunywa chai. Kikombe chake nilikiweka kushoto.