Nilisema Hakuna Kitu

Dzaleka, 6 Aprili 2024

Yaya Bora, dada yangu mkubwa,

Jambo sana. Siye tuko, tunapumua. Mama goti inamuuma lakini shambani anaenda. We je, na kile kikohozi?

Leo ilikuwa Jumamosi ya kwanza. Unajua desturi yetu: Mama hakula tangu jana, akavaa kikwembe chake cha kanisa, akakaa nje ya ofisi ya pasta na bamama ba maombi. Mi nikaingia peke yangu kwenye kompyuta, kuangalia ule mtandao wa kutafuta ndugu, kama Kaka Zihindula ameandika. Nikatoka, nikasema hakuna kitu. Bakasema amina, tukaenda kula nsima.

Sina mengi.

Mudogo wako,
Dévote

Lilongwe, 2 Juni 2024

Dévote wa Mama,

Jambo. Kikohozi kimeisha, zikomo kwa kuuliza. Lakini barua yako! Ingekuwa kitambaa, nisingepata hata kola.

Sikia. Patronne wangu, mwenye duka letu la kushona hapa Area 18, Mama Aicha, amenunua simu mpya, amekubali niangalie ule mtandao Jumapili. Nitumie neno la siri. Miaka saba sasa tangu tumpoteze. Tumtafute Kaka kwa macho mane.

Yaya yako,
Bora

Dzaleka, 7 Septemba 2024

Yaya,

Sijui nikusalimie namna gani. Mama ni mzima. Mi si mzima.

Barua yako ilifika Juni. Niliificha ndani ya Biblia.

Yaya, tangu Februari ule ukurasa haufunguki. Inaandika kwa Kingereza, kisha kwa Kifaransa, na mi nilisoma zote mbili: programu yenu ya kufungulia mitandao ni ya zamani mno, kwa sababu za usalama haikubaliwi tena. Kompyuta yetu ni ya tangu wakati wa bamisionari, Pasta Josué anaiita Mzee. Maneno nilielewa. Ni moyo njo ulikataa. Hapa kambini ofisi ya wakimbizi ikitaja usalama, dossier ya mtu, faili yake, imefungwa. Nikaona basi, yetu pia. Nikibonyeza tena batalifuta kabisa hata jina la Kaka.

Halafu aibu. Cheti changu cha kompyuta iko ukutani, kila mgeni Mama anamuonyesha. Nitatokaje mbele ya bale bamama niseme mashine imenishinda? Mara ya kwanza mdomo ulisema wenyewe: hakuna kitu. Mara ya pili haikuwa ngumu tena. Leo ni ya nane.

Neno la siri ni jina la Mama na mwaka tuliokimbia.

Dévote

Lilongwe, 15 Septemba 2024

Mudogo wangu,

Keti kwanza.

Simu ilifungua mara moja. Dossier haikufungwa na mtu. Jumbe za Kaka ziko mbili.

Ya 20 Februari: «Ni mi Zihindula. Niko Kigoma, nabeba mizigo bandarini. Mama iko? Mukijibu, nakuja.»

Ya 30 Juni: «Nimengoja miezi ine. Sasa najua hamuko tena. Narudi Fizi, kule tulikokimbia.»

Nimemjibu. Namba aliyoacha nimeipiga mpaka Mama Aicha akaninyang'anya simu. Haipatikani.

Sikutukani, Dévote. Nililia juu ya gauni ya harusi ya mtu, imebaki alama. Lakini Mama, ni we mwenyewe utamwambia. Mi sitakusaidia kwa hilo.

Bora

Dzaleka, 5 Oktoba 2024

Yaya,

Salamu zetu. Goti ya Mama iko vilevile.

Nilimwambia Mama akichambua majani ya sombe. Akauliza: «Aliuliza kama niko?»

«Ndiyo, Mama.»

«Na we ulikuwa umekaa pale, mbele ya mashine.»

«Ndiyo.»

Akaendelea kuchambua. Hakunipiga. Afazali angenipiga.

Leo Pasta Josué alitupatia simu yake. Mama hakukaa nje na bamama. Aliingia, akasimama nyuma yangu, yeye asiyejua kusoma, mkono wake kwenye bega langu. Akasema: «Fungua.»

Ukurasa ukafunguka. Jibu lako liko pale. Chini yake hapana neno.

«Hakuna kitu, Mama.»

Akainama mpaka uso wake karibu uguse kioo.

«Nionyeshe hapo pasipo kitu.»

Nikamuonyesha na kidole, Yaya. Akapaangalia sana.

Mudogo wako,
Dévote