Jina Lililotolewa Kwenye Wimbo

Jumatano.

Na bado naskia hasira. Leo tukila chakula cha mchana pale kiwandani, Kioko na Mwikali wamebishana tena kuhusu ile bendi yetu ya gitaa. Mwikali anasema ilikufa na mwimbaji wa kwanza. Kioko anasema vijana walioirithi wanapiga kuliko wazee.

Akatuwekea kwenye simu wimbo wa zamani, uliorekodiwa upya na hao vijana. Nikangoja pale katikati, gitaa linaposhuka na mwimbaji kusalimia mashabiki kwa majina. Hapo ndipo yule mwimbaji wa kwanza alikuwa akiita, "Mutua wa Mwala, niko na wewe!" Mutua wangu, baba ya Mwende. Hata kwa matanga yake tuliupiga.

Sasa anaitwa mtu wa Syokimau, sijui nani.

"Si umesikia, Mama Mwende? Sauti imekuwa safi."

Nikamwambia Kioko ndiyo, ni safi. Ningesema nini, mbele ya watu?

Na kanda yetu, ile yenye jina lake, ililiwa na redio kitambo.

Nilipofika nyumbani nimefunga mlango, nikajaribu kumwita Mutua mimi mwenyewe, vile mwimbaji alivyokuwa akimwita. Sauti yangu haifiki pale juu.