Gurusa Nne Ndani ya Mkebe

Namakwekwe, Mbale
12 Machi 1987

Kwa dada yangu Hajara,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kibera, na lile goti lako limepata nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mwanangu Adrisi ameota ndevu tatu na anazichana kila asubuhi. Mvua imeanza na watu wamepanda mahindi mpaka kandokando ya barabara. Nayataja mahindi kwa sababu sitaki kufika ninakokwenda, na wewe unanijua.

Barua yako niliipata. Umesema utakuja kabla ya mfungo kumchukua mwanao Nulu, na kwamba siku hiyohiyo utasimama mbele ya duka la mzee Gidudu umlaani kwa jina, kwa kuwa ndiye aliyemuuza mumeo Yakub kwa wenye bunduki. Dada, usimlaani. Soma kwanza.

Mwaka ule wa vita, 1979, wewe ulikuwa umeshavuka Kenya na mtoto mchanga. Yakub alibaki Walukuba, pale Jinja, na Nulu, akidhani fundi wa mashine za kiwandani hana adui. Jinja ilipotekwa, kila Mnubi akahesabiwa mwanajeshi wa serikali iliyoanguka, hata asiyewahi kushika manati. Tukatoroka pamoja, yeye na Nulu, mimi mjane na Adrisi wangu, tukaja Mbale. Gidudu akatupangisha vyumba viwili uani kwake akijua vizuri sisi ni nani, akawaambia majirani kuwa ni Waislamu kutoka Iganga. Yakub akatuwekea masharti mawili: Kinubi kisisikike nje ya mlango, na gurusa zisiokwe. Mtu yeyote aliyewahi kuishi karibu na Wanubi anaujua mkate ule.

Shule zikafunguliwa. Nulu alikuwa na miaka saba. Kila siku mkebe wake ulikuwa na muhogo wa kuchemsha na kila siku aliurudisha vilevile, akisema wenzake wanamcheka na hakuna anayekaa naye. Roho iliniuma. Tena, nikwambie kweli, nilikuwa nimechoka kujificha. Nilitaka kuonja kitu cha mama yetu hata mara moja. Nikapata unga wa ngano wa magendo, na Jumapili moja Yakub alipokwenda Busiu kutafuta mahindi nilifunga mlango, nikawaita watoto.

Unga nilikuwa nimeukoroga tangu alfajiri uumuke. Nulu akaukoroga tena kwa mkono mzima mpaka ukamfika kiwikoni, Adrisi akapaka kikaango mafuta kwa kitambaa. Tulioka ndogondogo, kiasi cha kiganja cha mtoto, ili ziingie kwenye mkebe. Nulu aliunguza ya kwanza, akaila mwenyewe huku akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu Jinja. Jumatatu nikamfungia nne, nikamwambia awagawie wenzake wapate kumpenda.

Wakazigombania. Mtoto mmoja akampelekea kipande baba yake, ambaye aliwahi kufanya kazi Jinja, akakitambua. Jumatano wakaja wanaume watatu mchana kweupe, wakauliza ni nani hapa anayeoka mkate wa Wanubi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikanyamaza. Yakub akatoka akasema ni yeye. Walicheka sana, mwanamume kuoka! Walipomsukuma Yakub garini, Gidudu alipiga magoti mbele ya gari akawaomba, wakampiga kwa kitako cha bunduki. Ndiyo maana mkono wake wa kushoto haunyooki mpaka leo. Yakub hatukumwona tena.

Ulipoandika kuuliza ni nani aliyemuuza, nilidanganya. Nilikutajia Gidudu, kwa kuwa si mtu wetu, na wewe ulikuwa mbali huwezi kumwuliza. Ukawaambia watu Kibera, na kila Mnubi aliyerudi amekuja na habari hiyo. Hawanunui kwake hata chumvi. Wanatema mate mlangoni pake. Ananiuliza mimi kwa nini, nami namjibu kwamba watu wana mambo yao.

Na hilo silo baya zaidi. Jioni ile nilimchapa Nulu, nikamwambia amemuua baba yake kwa kugawa mkate. Mtoto niliyemtuma mwenyewe! Akaamini. Tangu siku ile hajala kitu shuleni, huu mwaka wa nane, na walimu wanadhani anafunga. Umekuwa ukilalamika kwamba mwanao hakuandikii. Angekuandikia nini?

Juzi nilimsomea barua yako. Alikuwa anafua, wala hakuinua kichwa. Akasema ni afadhali umlaani yeye, maana mzee Gidudu hana kosa, na aliyemuua baba anajulikana. Alisema kama mtu anayetaja jina la shule yake. Nikamweleza yote, hata la pazia. Hakulia. Alikausha mikono, akaleta kalamu na karatasi, akakaa mbele yangu.

Anasoma kila ukurasa ninaoumaliza. Kule juu nilikuwa nimeandika kwamba nilikosea kumtaja Gidudu. Amenirudishia ukurasa mzima niuandike upya, niseme nilidanganya.

Wasalimie wote nyumbani, na huyo mdogo niliyemwona mara ya mwisho akiwa mgongoni kwako. Adrisi anakuamkia. Msamaha sikuombi kwa barua. Ukija utanikuta, na utakalolifanya nimelikubali.

Bahasha Nulu hakuniruhusu niifunge. Amesema jina la mzee liliharibiwa mbele za watu. Kesho watu wakitoka swala ya Ijumaa ataisoma barua hii pale dukani, kwa sauti, neno kwa neno, ndipo aipeleke posta, nami ameniamuru nisimame kando yake. Kwa hiyo wewe, dada, utakuwa wa mwisho kuyajua haya.

Ni mimi mdogo wako,
Ramula